Mzungu wa Kazi wa Usambiro

Kwa kujifunza zaidi juma hili: soma Zaburi 27:14, Danieli 6:1–10, Wafilipi 4:11–13, Wakolosai 3:23.

Tunapotaja imani ya Danieli, mawazo yetu hukimbilia tundu la simba. Danieli alilala humo usiku mmoja tu. Miaka yake mingi ilipita katika kazi za serikali ya wageni, katikati ya watu waliomwonea wivu, naye akipiga magoti mara tatu kwa siku kama ilivyokuwa desturi yake. Simba walipokuja walimkuta na mazoea hayo tayari.

Maombi yanayotolewa katika madarasa yetu kila Sabato asubuhi yanafanana zaidi na miaka ile kuliko na usiku ule: mtoto ana homa, ada ya muhula haijapatikana, mkopo wa kausha damu unadaiwa, nyavu zimerudi tupu siku ya nne. Kwa ajili hiyo tuangalie maisha ya mtu mmoja aliyeishi na kufa upande wetu huu wa kusini wa Ziwa, kabla wamishonari wa kwanza Waadventista hawajafika Upare mwaka 1903. Hakuwa wa kanisa letu. Hakuwa hata mchungaji.

Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Alisomea uhandisi, akapata kazi nzuri ya mitambo Berlin, Ujerumani. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley aliandika barua gazetini kutoka Buganda, akieleza kwamba Kabaka Mutesa anahitaji wamishonari wanaojua kazi za mikono. Chama cha wamishonari cha CMS kikatafuta watu, naye Mackay akajitolea. Waliondoka Uingereza mwaka 1876 wakiwa wanane, yeye akiwa mdogo kuliko wenzake wote. Siku ya kuagana aliwaonya viongozi wa chama kwamba huenda kabla ya miezi sita kupita watapata habari ya kifo cha mmoja wao, na kwamba habari hiyo isiwavunje moyo bali wapeleke mwingine. Ikawa hivyo. Mmoja wao alifia Zanzibar mwaka uleule.

Mackay mwenyewe aliugua sana njiani, akarudishwa pwani, na daktari akamshauri aende kwao. Hakwenda. Alipopata nguvu akaanza kukata barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370, ili magari ya ng'ombe yapite. Barabara ilikwisha, ng'ombe wakafa kwa mbung'o.

Mwaka 1878 akafika Kageye, kwenye mwambao wa Mwanza. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877 katika ugomvi na Mtemi Lukonge. Daktari wa msafara, John Smith, alikuwa amezikwa palepale Kageye. Vyombo vya misheni vilikuwa vimetawanyika, vingine vimeshika kutu, na mashua iliyoitwa Daisy ilikuwa imeoza ubavuni. Mackay alifanya mambo mawili. Alivuka kwenda Ukerewe kuzungumza na Lukonge kwa amani, watu waliomzunguka wakiwa na hakika kwamba hatarudi. Kisha akarudi, akakaa chini, akaanza kuziba mashua.

Ile safari ya Ukerewe ndiyo inayopenda kusimuliwa. Sisi tuiangalie ile mashua. Aliiziba, akasafiri, dhoruba ikaitupa kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa na kuivunja. Ikabidi aondoe kipande cha katikati na kuunganisha mbele na nyuma, ikawa mashua fupi. Kazi hiyo ilichukua wiki nane, mchana jua na usiku mbu. Novemba 1878 akaingia Buganda.

Huko Waganda walimwita Mzungu wa kazi. Alifua chuma, alichonga herufi za mbao na kuchapa kurasa za kusomea, alifundisha vijana kusoma Injili kwa lugha yao. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alipofariki, Kabaka alimwagiza atengeneze majeneza matatu makubwa, moja ndani ya jingine. Alitumia karibu mwezi mzima katika kazi hiyo, mwezi ambao bila shaka angependa kuutumia kufundisha. Katika mwaka huohuo, mwezi Machi, waongofu watano wa kwanza walibatizwa.

Hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na mabishano yake na mapadre Wakatoliki mbele ya Kabaka hayakuwajenga waliosikiliza. Tunayasema haya kwa sababu baadhi yetu hudhani kwamba tukikasirika nyumbani siku ya Jumanne hatuna haki ya kusali Jumatano.

Mutesa akafa mwaka 1884, Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliosoma kwa Mackay walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mwaka 1886 Wakristo wengi, Waanglikana na Wakatoliki, waliuawa, wengi wao Namugongo. Mackay aliendelea kutengeneza vitu vya ikulu kwa mchana, na usiku kupokea wanafunzi waliokuja kwa siri. Julai 1887 akalazimishwa kuondoka, akavuka Ziwa mpaka kusini, akajenga kituo Usambiro.

Mwalimu wa darasa, simama hapa kidogo. Waulize washiriki: ni wakati gani ulio mgumu zaidi kwa imani, siku adui anapokuja, au mwaka ambao hakuna kinachotokea?

Kwa Mackay miaka ya Usambiro ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Hakukuwa na mfalme wa kumtisha wala umati wa wanafunzi. Kulikuwa na homa inayorudi, na barua zinazochukua miezi kutoka pwani. Machi 1888 mwenzake Blackburn alifariki, na kabla mwezi haujaisha Askofu Parker akafariki pia. Kaburi baada ya kaburi. Mackay alifyatua matofali, akajenga nyumba, akapasua mbao, akafasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, akawapokea Wakristo waliokimbia mateso Buganda. Tena akaanza kuunda boti ya mvuke, akiunganisha boila kipande kwa kipande, ili siku moja Ziwa livukwe kwa urahisi. Kwa mtu aliyekwisha kuona mashua ngapi zikivunjika, kuanza nyingine kulikuwa ni namna ya kusali.

Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro akitoka bara pamoja na Emin Pasha, akakaa karibu wiki tatu. Alimsihi Mackay waondoke pamoja mpaka pwani, akapumzike kwao. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita bila kuwaona ndugu zake. Mackay alikataa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Baadaye Stanley aliandika kwamba hakumsikia akinung'unika. Lakini barua za Mackay mwenyewe zinaonyesha kwamba aliyasema magumu yake waziwazi, akaomba watenda kazi tena na tena, na kuwashangaa Wakristo wa Ulaya kwa kuchelewa kwao. Kuomba msaada hakukumfanya aache kazi aliyokuwa nayo mkononi. Ndugu anayeogopa kuliambia kanisa kwamba nyumbani hakuna unga, na alifikirie jambo hili.

Mwanzoni mwa Februari 1890 mwenzake aliyebaki, Deekes, alikuwa mgonjwa na amejiandaa kusafiri kwenda pwani. Asubuhi ya safari Mackay akashikwa na homa, na Deekes akabaki kumuuguza. Siku chache tu. Usiku wa tarehe 8 Februari, Mackay akafariki, akiwa na umri wa miaka 40. Boti ilikuwa haijakwisha. Deekes akaagiza jeneza litengenezwe kwa mbao ambazo Mackay alizipasua kwa ajili ya boti hiyo, akamzika siku iliyofuata saa nane mchana, kando ya kaburi la Askofu Parker. Wakristo wa Buganda waliokuwa wamekimbilia Usambiro na vijana wa kijiji walisimama kaburini, wakaimba wimbo wa kumsifu Yesu kwa Kiganda.