Jotirao Phule: Mtetezi wa Mtoto wa Mkulima na Lugha Yake

Miongoni mwa wanamageuzi wa elimu waliotokea nchini India katika karne ya 19, Jotirao Phule ana nafasi ya pekee. Wengi humkumbuka kama mpinzani wa matabaka ya kuzaliwa. Hata hivyo, maisha yake hayaelezeki kikamilifu pasipo kuuliza: kwa nini mtoto wa mkulima aliyezaliwa katika Kimarathi alishindwa kukisoma shuleni?

Phule alizaliwa mwaka wa 1827 katika jamii ya Mali, yaani wakulima wa maua na mboga. Babaye alimwachisha masomo ili amsaidie kazi, na ni majirani waliomshawishi amrudishe. Kati ya 1841 na 1847 alisoma katika shule ya wamishonari wa Kiskoti mjini Pune.

Mwaka wa 1848 alifungua shule ya wasichana mjini humo. Mkewe Savitribai, ambaye alifunzwa kusoma na mumewe, ndiye aliyekuwa mwalimu. Walitukanwa na kutengwa, na mwaka uliofuata babaye Phule akawatoa nyumbani. Hawakukata tamaa, mwaka wa 1855 walianzisha shule ya usiku kwa vibarua na wakulima.

Tatizo la lugha lilikuwa na sura mbili. Kwanza, Kimarathi kilikuwa na hati mbili. Vitabu vilichapwa kwa Balbodh, ilhali kumbukumbu za ardhi na hesabu za kijiji ziliandikwa kwa Modi, mwandiko wa mkono wa kuunganisha herufi. Aliyejua Balbodh pekee angeweza kusoma kitabu, lakini si hati ya deni la babaye. Pili, Kimarathi cha vitabuni kilielemea Kisanskriti na usemi wa wasomi wa mjini, huku lugha ya shambani ikionekana ya kishamba. Phule mwenyewe alikejeliwa na mwanainsha mashuhuri Vishnushastri Chiplunkar kwa udhaifu wa sarufi.

Mwaka wa 1882 Phule aliwasilisha maoni yake kwa Tume ya Elimu iliyoongozwa na William Hunter. Alilalamika kwamba kodi ilitoka kwa mkulima, lakini fedha zikaishia kwenye elimu ya juu ya wachache. Alipendekeza watoto wafundishwe hati zote mbili, hesabu, sarufi na misingi ya kilimo. Masomo ya vijijini yangeweza kuwa machache kuliko ya mijini, mradi yasipungue manufaa. Aidha, alitaka walimu watoke katika jamii za wakulima, watu wasioona haya kushika jembe la kukokotwa.

Mwaka wa 1883 alikamilisha Shetkaryacha Asud, yaani mjeledi wa mkulima, kwa lugha waliyoielewa wakulima wenyewe. Mwaka wa 1885 alikataa mwaliko wa mkutano wa waandishi wa Kimarathi, akishikilia kwamba fasihi yao haikubeba mateso ya wanyonge. Baada ya kupooza mwaka wa 1888, aliendelea kuandika kwa mkono wa kushoto hadi alipofariki mwaka wa 1890.

Maisha ya Phule yanatufunza kuwa kuizungumza lugha si dhamana ya kuimiliki. Shule inayodharau usemi wa mwanafunzi humfanya mgeni katika lugha ya mamaye.