Erik Erikson: Aliyetafuta Jina Lake

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwanzoni mwa mwaka huu sisi wa Kidato cha Tatu tulipewa fomu za kuchagua masomo. Wenzangu walijaza zao pale pale mlangoni pa ofisi ya walimu. Mimi nilikaa na yangu wiki nzima. Mjomba alitaka nichukue Fizikia, eti ukoo wetu unahitaji mhandisi. Moyo wangu ulikuwa kwenye Historia. Dada yangu anayesomea ualimu aliponiona nahangaika, aliniazima kitabu chake cha saikolojia ya elimu. Humo ndimo nilimokutana na Erik Erikson, na ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Erik alizaliwa tarehe 15 Juni 1902 mjini Frankfurt, Ujerumani. Mama yake, Karla Abrahamsen, alikuwa Myahudi kutoka Copenhagen, Denmark. Baba mzazi hakujulikana, na Erik aliishi hadi uzeeni bila kumjua. Mwaka wa 1905 mama aliolewa na daktari wa watoto aliyeitwa Theodor Homburger, wakakaa mjini Karlsruhe. Wazee wakaamua kuficha mambo. Mtoto akaitwa Erik Homburger na kuambiwa kwamba daktari ndiye baba yake.

Lakini la kuficha halikosi kuonekana. Erik alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya samawati. Kwenye sinagogi wenzake walimcheka kwa sababu hakufanana na Wayahudi. Shuleni nako watoto wa Kijerumani walimcheka kwa sababu ni Myahudi. Akawa kama popo: kwa ndege hayumo, kwa wanyama hayumo. Hebu fikiria kukua namna hiyo!

Darasani hakung'ara. Baba wa kambo alitaka asomee udaktari, lakini Erik alipomaliza shule alichukua vifaa vyake vya kuchorea akaenda zake. Alizunguka Ujerumani hadi Italia, mara anachora, mara ameacha, bila kazi ya kueleweka. Kwetu hapa watu wangesema huyo kijana ameshapotea.

Aliyemwokoa ni rafiki yake wa shule, Peter Blos. Mwaka wa 1927 Blos alimwita Vienna, Austria, akafundishe katika shule ndogo yenye watoto wapatao 20. Shule hiyo ilianzishwa na Dorothy Burlingham pamoja na Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, yule mganga maarufu wa maradhi ya nafsi. Hapo watoto hawakumezeshwa kila somo kivyake. Walichukua mada moja wakaichunguza kwa kusoma, kuchora na kutengeneza vitu kwa mikono. Msanii aliyezurura sasa akawa mwalimu, na wanafunzi wakampenda. Anna Freud alipoona anavyoelewana na watoto, akamfunza uganga wa nafsi. Erik alihitimu mwaka wa 1933. Alipata pia cheti cha ualimu wa mtindo wa Montessori. Shahada ya chuo kikuu hakuwahi kuisomea, na bado baadaye alikuja kuwa profesa wa Harvard!

Mwaka huo huo wa 1933 Hitler alishika madaraka Ujerumani. Erik, mkewe Joan na watoto wao walihama, wakapitia Denmark na kuishia Marekani. Mwaka wa 1938 alikwenda kuwatembelea watu wa Sioux huko South Dakota. Walimu wa shule za serikali walilalamika kwamba watoto wa Kisioux hawapendi kushindana darasani. Erik hakuwaita wavivu. Aliona kwamba nyumbani mtoto hulelewa kugawana na wenzake, halafu shuleni anaambiwa awapite hao hao. Yaani mtoto anavutwa na watu wawili, kila mmoja na mkono wake.

Mwaka wa 1939, alipopata uraia wa Marekani, alifanya jambo lililonishangaza kuliko yote. Alijipa jina jipya, Erikson, maana yake mwana wa Erik. Kama kwamba aliyekosa kumjua baba aliamua kujizaa mwenyewe. Hata hivyo hakulitupa jina la baba wa kambo. Alilibakiza katikati, Erik H. Erikson.

Mwaka wa 1950 alitoa kitabu kilichomtangaza, Childhood and Society. Ndani yake alieleza kwamba maisha ya mtu yana hatua 8, na kila hatua ina mvutano wake. Mtoto mchanga hujifunza kuamini au kushuku. Anayeanza kutembea hujifunza kujitegemea au kuona haya. Wa chekechea hujifunza kuanzisha mambo au kujiona mkosaji. Wa shule ya msingi hujifunza bidii ya kazi au kujiona duni. Kijana wa rika letu hutafuta kujua yeye ni nani au huchanganyikiwa. Halafu huja kupendana au upweke, kulea kizazi kijacho au kudumaa, na mwisho, uzeeni, kuridhika na maisha au kukata tamaa.

Jamani, hatua ya 4 ilinigusa. Nilipokuwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, majina yalibandikwa ukutani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nilishika mkia mihula miwili, na jina likawa hilo hilo, Mkia. Nilianza kuamini kwamba ndivyo nilivyo. Kisha mwalimu mmoja akanipa kazi ya kusoma habari za Kiswahili gwarideni kila Ijumaa. Nilitetemeka Ijumaa ya kwanza. Ya tatu, watoto wadogo walikuwa wakiniamkia kwa jina langu. Mwalimu yule alinipa kitu ninachokiweza, nacho kikavuta masomo mengine. Erikson anaonya hivyo hasa: mtoto asipopata hata jambo moja la kulifanya vizuri, unyonge humganda, na huingia nao ujanani.

Na sisi wa sekondari je? Tukibadilisha mitindo ya nywele, tukibishana na wazee, tukitaka uanahabari leo na urubani kesho, watu husema tumeharibika. Erikson angesema tuko kazini. Kijana anahitaji muda wa kujaribu kabla ya kufungwa, kama yeye alivyojaribu uchoraji. Kwa hivyo klabu, michezo ya kuigiza, midahalo na hata gazeti hili si kupoteza wakati. Ni mahali pa kujipima.

Lakini nisimfanye malaika. Mwaka wa 1944 Erikson na Joan walipata mtoto, Neil, aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Walimpeleka kwenye makao ya kulelea, na watoto wao wengine wakaambiwa kwamba amekufa. Mtu aliyeumizwa na siri ya nyumbani akajenga siri yake nyumbani! Kweli mganga hajigangi. Niliposoma hayo nilikifunga kitabu kwa hasira. Baadaye nikafikiri kwamba hata mafunzo yake yangemhukumu, kwani ndiye aliyesema kuaminiana ndio msingi wa yote.

Erikson alifundisha Harvard kuanzia mwaka wa 1960 hadi 1970. Kitabu chake juu ya Gandhi kilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1970. Alifariki tarehe 12 Mei 1994, akiwa na miaka 91, kabla sisi hatujazaliwa. Hadi leo walimu wetu husoma hatua zake vyuoni.

Walimu wetu wapenzi, mnapobandika orodha ukutani, mkumbukeni yule wa mwisho. Huenda yuko jambo analoliweza ambalo halijapata kutahiniwa. Nanyi wenzangu, msiharakishe kumpa mtu jina litakalomganda.

Fomu yangu niliirudisha siku ya mwisho. Nilijaza Historia. Mjomba bado amenuna, lakini Jumapili iliyopita aliniuliza nasoma nini huko. Nikamsimulia habari za Erikson, naye akasikiliza hadi mwisho.