James Watt na Zana ya Kufundishia Iliyoharibika

Mwalimu mwanachuo anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukuta katika stoo ya shule vifaa vilivyokwisha kuharibika: mizani isiyosawazika, tufe la dunia lililobonyea, pampu ya mfano isiyovuta maji. Kwa kawaida vifaa hivyo huachwa humo humo vikipata vumbi, na somo hufundishwa kwa maneno matupu. Makala haya yanasimulia maisha ya fundi mmoja aliyeletewa chombo cha namna hiyo akitengeneze. Alikitengeneza, lakini hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini chombo kizima, kisicho na kasoro yoyote ya kuonekana, kilikuwa bado kikifanya kazi vibaya. Kutokana na swali hilo viwanda vya ulimwengu vilibadilika. Fundi huyo aliitwa James Watt.

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari, 1736, katika mji wa bandari wa Greenock, nchini Scotland. Baba yake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mambo ya bahari: aliunda na kutengeneza vyombo, aliuza vifaa vya melini na kurekebisha vyombo vya mabaharia vya kupimia njia. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara, na kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yake ya mwanzo aliipata nyumbani. Mama yake alimfundisha kusoma. Baba yake akamfundisha kuandika na kuhesabu.

Lakini shule yake ya pili ilikuwa karakana ya baba yake. Humo alipewa meza yake ndogo ya kazi, zana za kumfaa mtoto, na tanuri dogo la kufulia chuma. Mbele ya macho yake watu wazima walikuwa wakifanya kazi kwa roda, winchi na pampu, naye akawa anaviunda upya vitu hivyo kwa kimo kidogo. Mwalimu azingatie jambo hili. Mtoto anayechora winchi anaweza kuficha asichokijua. Mtoto anayeiunda hawezi kuficha, kwa sababu kamba itakwama au gurudumu litakataa kuzunguka, naye atalazimika kurudi kutazama tena jinsi winchi kubwa ilivyofungwa.

Mama yake alifariki mwaka 1753, na biashara ya baba ikaanza kupungua. Kijana akaamua kujifunza kazi ya kutengeneza vyombo vya kupimia. Mwaka 1755 alisafiri kwa farasi hadi London, safari ya siku zipatazo 12. Kwa sheria za vyama vya mafundi wa siku hizo, mwanafunzi alitakiwa kumtumikia bwana wake miaka 7. Watt hakuwa na muda huo wala fedha hizo. Baada ya kuhangaika alimpata fundi John Morgan, ambaye alikubali kumfundisha kwa mwaka mmoja. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku, akala kwa kubana matumizi, na akajifunza kutengeneza rula, bikari, mizani na vyombo vya mabaharia vya kupimia pembe. Mwaka 1756 alirudi Scotland akiwa amedhoofika kwa afya, lakini akiwa na zana zake na mikono iliyozoea kupima kwa uangalifu mkubwa.

Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa kazi ya kusafisha vyombo vya elimu ya nyota vilivyoharibiwa na hewa ya bahari vilipokuwa vikitoka Jamaica, na mwaka 1757 kikampa chumba cha karakana ndani ya majengo yake. Chumba hicho kikawa mahali pa mazungumzo. Profesa wa kemia, Joseph Black, alikuwa akipita kumtazama akifanya kazi. Vivyo hivyo alifanya mwanafunzi John Robison, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa. Fundi alijifunza nadharia kwao, nao wakapata kwake vyombo vya majaribio. Ilikuwa nadra wakati ule mtu wa vitabu na mtu wa tupa kukaa meza moja.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 hadi 1764, Profesa John Anderson, aliyefundisha fizikia, alimpelekea Watt mfano mdogo wa mtambo wa mvuke. Mtambo wa namna hiyo ulibuniwa na Thomas Newcomen, na ule wa kwanza wenye habari za hakika ulisimamishwa mwaka 1712 ili kupiga maji kutoka katika mgodi wa makaa ya mawe. Mvuke uliingizwa katika silinda kubwa iliyosimama wima, kisha maji baridi yalirushwa humo ndani. Mvuke ukigeuka kuwa maji, silinda ilibaki karibu tupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Pistoni ilivuta boriti, na boriti ikaendesha pampu.

Mfano wa chuo ulitumika darasani kuwaonyesha wanafunzi utaratibu huo. Silinda yake ilikuwa ya shaba nyeupe, yenye kipenyo cha inchi 2, yaani kama sentimita 5, na pistoni ilikwenda inchi 6 tu. Ulikuwa umekwisha kupelekwa London kwa fundi mashuhuri, na bado ulikuwa haufanyi kazi. Watt aliurekebisha. Ulicheza mara chache, kisha ukasimama, kwa kuwa mvuke wote wa chungu chake ulikuwa umekwisha.

Hapo fundi mwingine angeurudisha na kudai ujira wake. Watt alijiuliza: ikiwa sehemu zote ni zile zile, na mtambo mkubwa unafanya kazi mgodini usiku na mchana, kwa nini huu mdogo unashindwa? Jibu la kwanza alilipata katika hesabu ya vipimo. Tukipunguza urefu wa kila upande wa kitu hadi nusu, eneo la ngozi yake hupungua hadi robo, lakini ujazo wake hupungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kitu kidogo kina ngozi kubwa kwa kulinganisha na kilichomo ndani yake. Silinda ndogo ilikuwa ikipoteza joto kupita kiasi, na shaba ilipitisha joto upesi kuliko chuma cha kalibu kilichotumika mara nyingi katika mitambo mikubwa. Mvuke ulioingia ulitumika kwanza kuipasha silinda moto, kabla haujafanya kazi yoyote.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulionyesha jambo hili bila gharama. Wanafunzi wafinyange mchemraba wa udongo wenye upande wa sentimita 1, na mwingine wenye upande wa sentimita 4. Mdogo una eneo la sentimita 6 za mraba kwa ujazo wa sentimita 1 ya ujazo. Mkubwa una eneo la sentimita 96 za mraba kwa ujazo wa sentimita 64 za ujazo, yaani sentimita moja na nusu tu ya ngozi kwa kila sentimita ya ujazo. Kisha waulizwe kwa nini chai iliyomiminwa kikombeni hupoa kabla ya ile iliyobaki katika sufuria. Wataona kwamba kanuni iliyomsumbua Watt wanaishi nayo kila asubuhi.

Watt hakuishia hapo. Aliunda mfano mwingine, wenye silinda ya mbao iliyoloweshwa mafuta ya kitani na kukaushwa kwa moto, ili apate silinda isiyonyonya joto nyingi. Hasara ilipungua, lakini haikwisha. Alipima tena na kugundua kwamba mvuke kidogo unaweza kuchemsha maji baridi yenye uzito wa mara 6 hivi ya uzito wa mvuke wenyewe. Alimweleza Black, naye akamfafanulia kwamba maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi lisiloonekana katika kipimajoto. Black alikuwa akilifundisha somo hilo kwa miaka kadhaa. Sasa tatizo lilikuwa wazi. Silinda ilitakiwa iwe ya moto daima ili mvuke usipotee, na papo hapo ilitakiwa ipozwe kila mara ili mvuke ugeuke maji. Mahitaji mawili yaliyopingana yalikuwa yamewekwa katika chombo kimoja.

Ufumbuzi ulimjia mwaka 1765, siku ya Jumapili, akitembea katika uwanja wa wazi wa mji wa Glasgow. Mvuke ungeweza kukimbilia katika chombo cha pili kilichotolewa hewa, ugeuke maji huko, na silinda ibaki na moto wake. Siku chache baadaye alikuwa amekwisha kuunda mfano, akitumia bomba la shaba la sindano kubwa ya waganga kuwa silinda. Mfano huo ulifanya kazi.

Watoto wengi duniani wamesimuliwa kwamba Watt alivumbua nguvu ya mvuke alipokuwa mdogo, akitazama kifuniko cha birika kikirukaruka. Hadithi hiyo ni tamu, lakini inapotosha. Mtambo wa mvuke ulikuwapo kabla hajazaliwa. Lililo baya zaidi ni kwamba hadithi ya birika humfundisha mtoto kuwa uvumbuzi ni bahati ya wateule. Habari ya kweli humfundisha kwamba hutokana na kupima, kuunda, kukosea na kuuliza tena.

Toka mfano wa mezani mpaka mtambo wa kuuzwa ilichukua zaidi ya miaka 10. Watt alipata hati ya haki ya uvumbuzi mwaka 1769, lakini mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza silinda kubwa iliyo duara sawasawa. Mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kupima ardhi ya kuchimba mifereji. Mke wake Margaret alifariki mwaka 1773. Mwaka uliofuata alihamia Birmingham, na mwaka 1775 alithibitisha ushirika na mwenye kiwanda Matthew Boulton. Mwaka 1774 John Wilkinson alikuwa amebuni mashine mpya ya kutoboa vyuma, nayo ndiyo iliyoweza kutoa silinda sahihi. Mwaka 1776 mitambo ya kwanza ya Boulton na Watt ilianza kazi. Hivyo wazo la Watt lilingoja zana ya mtu mwingine. Bila zana sahihi, wazo sahihi hubaki mezani.

Mwalimu asimgeuze mtu huyu kuwa malaika. Baba yake alifanya biashara ya bidhaa zilizolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki, na barua za mwaka 1762 zinaonyesha kwamba Watt mwenyewe alishiriki katika kumpeleka kwa mnunuzi mtoto mweusi aliyeitwa Frederick. Mwaka 1791 alikataa kuendelea na agizo la mtambo wa kwenda koloni la Saint-Domingue, akieleza matumaini yake kwamba utumwa ungekomeshwa. Hata hivyo katika miaka ya baadaye kampuni ile iliuza mitambo kwa mashamba ya miwa ya Karibi. Wanafunzi waambiwe yote mawili, ustadi wake na doa lake.

Watt alistaafu mwaka 1800. Katika nyumba yake ya Heathfield, karibu na Birmingham, alijitengea chumba chini ya paa kuwa karakana. Humo aliweka mashine ya kukerezea, jiliwa, tupa na mamia ya zana, nyingine alizozitengeneza mwenyewe, pamoja na sanduku lenye vitabu na madaftari ya shule ya mwanawe Gregory, aliyefariki mwaka 1804. Katika uzee wake aliunda humo mashine mbili za kunakili sanamu: moja ikitoa nakala ya ukubwa ule ule, nyingine ikitoa nakala iliyopunguzwa kwa skeli. Mtoto aliyeanza kwa kuunda winchi ndogo alimaliza siku zake akiunda mashine ya kupunguzia vitu.

Alifariki tarehe 25 Agosti, 1819, akiwa na umri wa miaka 83. Mwaka 1889 wataalamu wa umeme walikubaliana kuliita kwa jina lake kadiri la kupimia uwezo wa mashine, nalo ndilo jina tulionalo kwenye balbu zetu: wati. Karakana yake ilifungwa na kuachwa kama ilivyokuwa, na mwaka 1924 ikahamishiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi huko London. Ule mfano mdogo wa Newcomen ulihifadhiwa na Chuo Kikuu cha Glasgow.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi, maisha haya yana maelekezo mahususi. Wanafunzi wanapounda mfano wa kisima, daraja au ghala, wapime kitu chenyewe kwanza, wachague skeli na kuishikilia mpaka mwisho. Wahimizwe kutengeneza zana zao: timazi ya jiwe na uzi, mizani ya ubao na vifuu, pima-maji ya chupa. Na mfano utakapokataa kufanya kazi mbele ya darasa, mwalimu asiuondoe haraka kwa aibu. Auache mezani, awape wanafunzi muda, na awaulize ni kitu gani kinachouzuia. Somo la siku hiyo huenda likawa ndilo limeanza.