Baker na Watu wa Miti

Hapa Hai Jalaba, Juba, kivuli chetu kikubwa ni mwarobaini. Wengi hudhani ni mti wa asili, kumbe ulitoka Bara Hindi. Miti yetu hasa, kama mkwaju, inaishia kwenye magunia ya mkaa. Kila nionapo magunia hayo humkumbuka Richard St. Barbe Baker, ambaye habari zake nilizisoma nikiwa mwanafunzi uhamishoni Kenya.

Baker alizaliwa mwaka 1889 huko Hampshire, Uingereza, mtoto wa mwenye kitalu cha miti. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza, akasomea misitu Cambridge, na mwaka 1920 akapelekwa Kenya kuwa ofisa wa misitu.

Ukikuyu alikuta misitu imefyekwa na vilima viko vipara. Alitambua kuwa amri ya serikali peke yake haioteshi mti. Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na kuvuna mazao, lakini kupanda miti waliona ni kazi ya Mungu. Ndipo mwaka 1922, akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, akaitisha ngoma ya miti. Inasimuliwa kuwa vijana wapatao 3,000 walihudhuria. Hapo kikazaliwa chama cha Watu wa Miti, ambao waliahidi kupanda miti kila mwaka na kuitunza popote ilipo. Miche ya asili, ukiwamo mutarakwa, ilipandwa katikati ya mahindi, hivyo aliyepalilia shamba alipalilia na mti.

Sisahau kwamba Baker alitumikia serikali iliyowapora Wakikuyu ardhi. Hata hivyo, alijua kuwa msitu hulindwa na wanaoishi kando yake. Mwaka 1924 alikianzisha chama hicho Uingereza, kikaenea nchi nyingi. Alifariki mwaka 1982 mjini Saskatoon, Canada, akiwa na umri wa miaka 92, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Shuleni kwetu tuliwahi kupanda mikwaju kwenye kona ya uwanja. Tulipiga makofi, tukaondoka, mbuzi wakaimaliza. Safari hii kila mche una mwanafunzi wake, na zamu ya kumwagilia imebandikwa ukutani. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka, nasi wa Juba tukiikwepa, watoto wetu watauona mkwaju vitabuni tu.