Louis Braille na kiti cha mpiga kinanda



Katika parokia zetu za Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu tunawafahamu vijana wasioona waliosoma. Wazazi wao waliwapeleka shule, wengine mbali hadi Buhangija kule Shinyanga, wakajifunza nukta nundu, wakafanya mitihani, wakarudi nyumbani. Halafu wakakaa. Wenzao wanakwenda kupalilia pamba, wao wanaachiwa kulinda nyumba. Swali hilo la baada ya shule ndilo linalotufanya tusimulie maisha ya Louis Braille. Jina lake tunalijua kwa sababu ya maandishi yake, ila habari ya riziki yake na ya wanafunzi wake haisimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kama kilomita 40 mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis akiwa na miaka mitatu aliingia karakanani akachezea kifaa chenye ncha kali, wengi husema ni msharasi, kikamchoma jicho. Uambukizo ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Baba hakumficha. Alimpa kazi ndogo ndogo za ngozi, akapigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi ili mtoto azisome kwa vidole. Paroko, Padre Jacques Palluy, akaanza kumfundisha, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji, akae na wanaoona. Padre huyo huyo akishirikiana na mwalimu na mwenye shamba kubwa la pale walimtafutia Louis nafasi Paris, katika shule ya vijana wasioona. Aliingia mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka kumi.

Shule hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy miaka ya 1780. Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba miongo kadhaa kabla yake wanafalsafa walikuwa wakibishana juu ya kipofu: je, akifumbuliwa macho leo, atatambua tufe na mchemraba kwa kutazama tu? Diderot aliandika barua nzima juu ya wasioona mwaka 1749. Ni maswali mazuri, ila hayakumpatia kipofu hata mmoja mkate. Haüy yeye alianza kuwafundisha.

Jengo nalo lina historia inayotuhusu. Lilikuwa seminari ya Saint-Firmin, na kabla ya hapo Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alianzia humo shirika lake mwaka 1625. Wakati wa Mapinduzi, Septemba 1792, mapadre wengi waliuawa ndani ya kuta hizo. Louis alipofika, nyumba ilikuwa chakavu na yenye unyevunyevu, na inaaminika kuwa ndiko alikopatia kifua kikuu.

Vitabu vilikuwa vichache na vizito, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Uliweza kuvisoma polepole, kuandika hukuweza. Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alileta mfumo wake wa nukta 12. Ncha ya kidole haikuweza kuzigusa zote kwa pamoja, na mfumo ulifuata sauti, si tahajia. Louis alizipunguza zikawa sita. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Kitabu chake cha mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika maneno, muziki, na hata nyimbo za liturujia za Kigregori.

Muziki haukuwekwa kama pambo. Shuleni walifundishwa kusuka vikapu, kufuma na kushona kandambili za kitambaa, na Louis mwenyewe alifanywa msimamizi wa karakana ya kandambili. Lakini kazi hizo zililipa kidogo, na mtu aliyetoka shule angeweza kuishia kuombaomba. Kanisani kulikuwa na kazi yenye mshahara: kupiga kinanda. Mkurugenzi wa wakati huo, Alexandre-René Pignier, alianzisha mafunzo ya kinanda na kuwatafutia wahitimu nafasi makanisani. Braille naye akawa mpiga kinanda katika parokia za Paris, ikiwemo Saint-Nicolas-des-Champs.

Njia nyingine ilifunguliwa na mwanafunzi mwenzake, Claude Montal. Yeye na rafiki yake walianza kurekebisha sauti za piano za shule. Fundi anayeona akalalamika, wakakatazwa. Wakapata piano kuukuu, wakaifungua yote na kuiunganisha upya. Montal alipotoka shuleni mwaka 1830, watu wa Paris hawakuamini kwamba asiyeona anaweza kuishika piano yao bila kuivunja. Alipata mteja mmoja, kisha wa pili, baadaye akaandika kitabu cha ufundi huo. Ukawa ufundi wa wasioona nchi nyingi. Kwetu sisi hiki ndicho kisa kikubwa kuliko hata cha nukta: cheti hakikumfungulia mlango, ulifunguliwa na mteja wa kwanza aliyethubutu.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini Simiyu ni mkoa wa pamba na mifugo, na waajiri wa ukubwa huo ni wa kuhesabu. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya kundi hili, na Maswa tumeona vijana wakianzisha kiwanda cha chaki. Tunauliza tu: kinanda cha parokia hupigwa na nani, na anayejifunza kukipiga huchaguliwa vipi?

Braille alifanywa mwalimu kamili mwaka 1833. Mkurugenzi aliyefuata, Dufau, alipiga marufuku nukta, na vitabu vikachomwa moto. Wanafunzi waliendelea kuandika kwa siri, hadi Februari 1844 zilipotetewa hadharani wakati wa kuzindua jengo jipya.

Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini aliwakopesha wanafunzi waliokwama. Inasimuliwa pia kwamba aliacha kazi yake ya kinanda katika kanisa moja ili achukue mwenzake asiyeona aliyekuwa na shida zaidi. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, sikukuu ya Epifania, baada ya kupokea sakramenti. Ufaransa ilizikubali nukta zake rasmi miaka miwili baadaye. Aliacha kisanduku, akiagiza kichomwe bila kufunguliwa. Kilipofunguliwa kilikutwa na hati za madeni ya wanafunzi wake. Zikachomwa kama alivyotaka.