Wilson Bentley, Mkulima Aliyeitazama Theluji kwa Karibu



Leo tumwangalie mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa. Wilson Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 huko Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, kwenye baridi kali na theluji nyingi. Alipofika miaka 15 mama yake akampa hadubini. Akaweka chini yake punje ya theluji, akashangaa. Kumbe kile kinachoonekana kama unga ni nyota ndogo ya barafu yenye pembe sita!

Akaanza kuzichora, lakini zinayeyuka kabla hajamaliza. Akaomba kamera. Baba yake aliona ni upuuzi, ila mwisho akanunua. Kijana akaiunganisha na hadubini, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Tarehe 15 Januari 1885 akapata picha yake ya kwanza.

Kwa nini pembe sita? Theluji si tone la mvua lililoganda. Mvuke wa maji mawinguni unashika chembe ya vumbi na kugeuka barafu moja kwa moja, kama ile inayoota kwenye kuta za friji. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita. Punje ikishuka inapita kwenye baridi na unyevu tofauti, na matawi yake yanakua kufuatana na njia yake. Ndiyo maana ni vigumu sana kupata mbili zinazofanana.

Bentley aliendelea kulima na kukamua ng'ombe. Majirani wengine walimwona kituko. Picha aliziuza kwa senti chache tu, hakutajirika. Lakini alipiga zaidi ya 5,000, na mwaka 1931 kikatoka kitabu chenye zaidi ya 2,400 kati ya hizo. Desemba hiyohiyo alitembea kwa miguu kwenye dhoruba ya theluji, akaugua nimonia, akafariki tarehe 23.

Kijana mwenzangu, fikiria: punje ngapi zimeanguka usiku, porini, bila jicho la mtu kuziona? Na zote Mungu amezipamba. Sisi tukikosa "like" tatu tunaona kazi yetu bure. Sala yako ya chumbani, vyombo unavyoosha bila kushukuriwa, yeye anaviona.

Wiki hii tazama kitu kimoja kidogo, jani au bawa la mdudu, dakika 5 bila simu. Halafu mshukuru Muumba.