Lady Chesham: Mlowezi wa Iringa aliyepata kura za TANU

UCHAGUZI wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa na sharti ambalo wapiga kura wa leo wangeliona kama kichekesho. Katika awamu zake mbili, ya Septemba 1958 na ya Februari 1959, mpiga kura hakuruhusiwa kuchagua mtu mmoja na kwenda zake nyumbani. Alitakiwa kuchagua watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Aliyemchagua wa rangi yake tu na kuwaacha wengine, kura yake iliharibika.

Sharti hilo, lililojulikana kama kura tatu, ndilo lililomfikisha katika Baraza la Kutunga Sheria mjane mmoja wa Kizungu kutoka Iringa, aliyezaliwa Marekani, aliyekuwa na shamba na aliyebeba cheo cha kilodi cha Uingereza. Jina lake ni Marion Chesham. Wengi walimfahamu kwa jina moja tu la Lady Chesham.

Kwa macho ya pande zote mbili alikuwa na kasoro. Waafrika walimwona mlowezi, mke wa mtu aliyewaleta walowezi wengine. Walowezi wenzake nao walimwona mtu aliyekwenda kusimama na chama kilichotaka kuumaliza utawala uliowalinda. Pamoja na hayo, alichaguliwa, na maisha yake baada ya kura hiyo yanaeleza mengi kuhusu namna Tanganyika ilivyovuka kipindi ambacho nchi nyingine zilikivuka kwa damu.

Kutoka Philadelphia hadi Iringa

Marion Donoghue alizaliwa Philadelphia, nchini Marekani, mwaka 1903. Aliolewa na John Cavendish, Lodi wa nne wa Chesham, kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ndoa hiyo ndiyo iliyomfikisha Tanganyika.

Nyanda za Juu Kusini wakati huo zilikuwa zikitamaniwa na Wazungu kwa hali yake ya hewa ya baridi na ardhi yake yenye rutuba. Wajerumani walikuwa wameshika mashamba mengi, na hata baada ya nchi kuwa chini ya Uingereza, waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Lodi Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi mjini Tukuyu mwaka 1925 akiwa na ndoto ya kuunganisha ardhi ya Wazungu kutoka Kenya hadi Rhodesia. Akaweka pia nguvu zake katika kuwaleta Waingereza Iringa ili wasizidiwe na Wajerumani.

Lodi Chesham aliifuata njia hiyohiyo katika miaka ya 1930 kwa mpango wake wa kuleta walowezi wa Kiingereza. Mashamba ya Wazungu yakasambaa Sao Hill na Mufindi, na kwa upande wa Mbeya yakafika hadi Mbozi. Chai, tumbaku, pareto na kahawa zikawa mazao ya kutajirisha watu wachache, huku kazi ya mikono ikifanywa na vibarua wa Kiafrika.

Lodi huyo alifariki dunia mwaka 1952. Mjane wake angeweza kuuza kila kitu na kurejea Marekani au Uingereza. Alibaki Iringa.

Mwaka huohuo Kenya iliingia katika hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Ndani ya Tanganyika kwenyewe, Wameru wapatao 3,000 walikuwa wamekwishafukuzwa katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwishoni mwa mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, na Kirilo Japhet akaipeleka kesi yao hadi Umoja wa Mataifa. Kila mlowezi mwenye shamba alijua kuwa swali la ardhi lingemfikia siku moja.

Vyama viwili, hofu mbili

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, ikiongozwa na Julius Nyerere. Mapema mwaka 1956, kwa baraka za Gavana Edward Twining, kikaundwa chama cha UTP chini ya uenyekiti wa Ivor Bayldon. Twining hakuwa mgeni kwa watu wa Iringa, kwa kuwa ndiye aliyelirejesha fuvu la Mtwa Mkwawa na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga, Juni 1954.

Kwa wapiga kura Wazungu na Wahindi, vyama hivyo viliweka mbele yao uchaguzi mgumu. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Wazungu wapatao 20,000 na Wahindi zaidi ya 70,000, ilhali Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Lakini tangu mwaka 1955 viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza viligawanywa sawasawa, viti 10 kwa kila kundi.

UTP iliahidi kuuendeleza mgawanyo wa namna hiyo, ikiuita siasa ya mataifa mbalimbali. Ilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, na mlowezi aliyejiunga nayo alijisikia yuko kwao. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na mizizi vijijini. Ilionekana kuwa chama cha serikali, na mwenye akili ya kupima mambo aliweza kujiuliza kingeishi siku ngapi baada ya gavana wake kuondoka.

TANU ilikuwa na watu. Hata hivyo, Mzungu au Mhindi hakuweza kuwa mwanachama wake, kwani mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1963. Hivyo basi, mpiga kura wa kundi dogo alitakiwa ama kukipa kura chama kilichomkaribisha lakini kisichoweza kumlinda, ama kuwapa kura watu wa chama chenye nguvu ya kumlinda lakini kisichompa kadi.

Waafrika nao walikuwa na mzigo wao. Ili mtu aandikishwe kupiga kura ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Walioandikishwa nchi nzima hawakufika 60,000. Wanachama wengi wa TANU waliona kuwa kushiriki uchaguzi wa namna hiyo ni kuukubali ubaguzi.

Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ndio uliokata shauri. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, kwa hoja kwamba kususa kungewaachia UTP Baraza zima. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake cha African National Congress. Waliobaki walitakiwa sasa kuwatafuta Wazungu na Wahindi wa kuwaunga mkono, kwa kuwa kura za wafuasi wao zingewaangukia watu wa rangi hizo wapende wasipende.

Mgombea wa pande mbili

Katika Nyanda za Juu Kusini, John Mwakangale aliungwa mkono na TANU kwa kiti cha Mwafrika, na Lady Chesham kwa kiti cha Mzungu.

Jimbo lenyewe lilikuwa kubwa mno. Lilikusanya sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Karani wa Mbeya, mwalimu wa Rungwe, mwenye duka wa Kihindi wa Iringa na mlowezi wa Mufindi, wote walipewa karatasi yenye majina yaleyale.

Hapo ndipo kura tatu ilipowageukia walioibuni. Ilikusudiwa kuhakikisha kwamba viti vya Wazungu na Wahindi havipotei. Lakini kwa kuwa kila mtu alimpigia kura kila mgombea, mgombea wa Kizungu hakuweza tena kushinda kwa kuwategemea Wazungu wenzake peke yao. Ilimbidi aaminiwe na Waafrika. Mlowezi aliyezoea kuongea klabuni na wenzake alijikuta akihitaji kura ya karani wake.

Lady Chesham alilielewa hilo mapema kuliko majirani zake wengi. Hakuwa mwanachama wa TANU na hangeweza kuwa. Alisimama kama mtu huru anayeungwa mkono na chama ambacho hakikumpa kadi. Alikuwa akiomba kura kwa jina la usawa huku akiishi kwenye ardhi iliyopatikana kwa mpango wa kikoloni, na jambo hilo halikufichika kwa mtu yeyote.

Mwenye kumpima angeweza kuzitaja kasoro hizo zote na bado akampa kura, kwa sababu hakukuwa na Mzungu asiye na kasoro katika karatasi ile. Kwa Mwafrika, la maana lilikuwa kujua atapiga kura upande gani akiwa ndani ya Baraza. Kwa Mzungu na Mhindi, la maana lilikuwa kujua kama kungekuwa na mtu wa kuwasemea ndani ya serikali ambayo, kwa dalili zote, ingekuwa ya Waafrika. Chama cha Waasia, Asian Association, kilikwishafanya hesabu yake na kuiunga mkono TANU.

Wiki chache kabla ya awamu ya kwanza, mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali na kumtoza faini ya pauni 150. Kiasi hicho kilikuwa sawasawa na kipato cha mwaka mzima alichotakiwa kuwa nacho mtu ili apige kura. Faini ililipwa na kampeni ikaendelea.

Matokeo yaliizika UTP. Wagombea walioungwa mkono na TANU walitwaa takriban viti vyote vya kuchaguliwa. Nyerere alishinda Mashariki. Derek Bryceson na Sophia Mustafa walishinda Kaskazini. Nyanda za Juu Kusini ziliwapeleka barazani Mwakangale na Lady Chesham. Oktoba 1958 Gavana mpya, Richard Turnbull, alitamka kuwa serikali ya baadaye ya Tanganyika itakuwa na Waafrika wengi.

Mtihani wa uraia

Agosti 1960 ulifanyika uchaguzi mwingine, safari hii wa viti 71. Viti 50 vilikuwa wazi kwa wote, 11 vilitengewa Waasia na 10 Wazungu. TANU ilipata viti 70. Lady Chesham alirudi barazani akiwakilisha Iringa.

Lakini jambo ambalo wapiga kura wa makundi madogo walikuwa wakilihofia lilikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, pale Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Swali lilikuwa kama mtu asiye Mwafrika aweza kuwa raia kamili. Baadhi ya wabunge walipinga kwa ukali, na miongoni mwao alikuwamo Mwakangale, yuleyule aliyeungwa mkono pamoja na Lady Chesham miaka mitatu nyuma. Nyerere alisimama kidete kupinga uraia wa rangi, akaweka wazi kuwa serikali yake ingejiuzulu kama ingeshindwa. Sheria ikapita.

Hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya kura za 1958. Wazungu na Wahindi waliokuwa wameiunga mkono TANU walikuwa na hoja mkononi, kwamba walishiriki kuijenga serikali hiyo kabla haijawa na madaraka. Wale walioing'ang'ania UTP hadi mwisho hawakuwa na chama wala hoja.

Baada ya Uhuru walowezi kadhaa waliuza mashamba na kuondoka. Lady Chesham alichukua uraia wa Tanganyika na kubaki. Akaendelea kukaa katika Bunge ambalo tangu mwaka 1962 Spika wake alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mtu wa Iringa kama yeye. Mwaka 1963 sheria mpya ilifuta umilikaji wa ardhi wa kudumu na kuugeuza kuwa wa kukodi kutoka serikalini. Kwa wenye mashamba, lilikuwa pigo ambalo UTP ilikuwa imeahidi kuwakinga nalo. Kwa wakulima wa Kiafrika, lilikuwa jibu la malalamiko ya miaka mingi.

Mfuko wa maendeleo

Kazi iliyobeba jina lake zaidi katika miaka hiyo haikuwa ya bungeni. Mwaka 1962 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana kwa kifupi kama CDTF, na Lady Chesham alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Mfuko ulikusanya misaada kutoka nje na kuipeleka kwa wananchi waliokuwa wakijenga kwa kujitolea. Wanakijiji walitoa nguvu zao, Mfuko ukatoa vile ambavyo nguvu peke yake haviwezi kuvipata. Visima, madarasa na zahanati vilipatikana kwa njia hiyo.

Kwa mwanamke aliyefika nchini kupitia ndoa na mtu wa kuleta walowezi, hilo lilikuwa geuko kubwa. Uhusiano wake na watu wa Marekani na Ulaya, ambao awali ulikuwa sehemu ya daraja lake la kitajiri, uligeuka kuwa njia ya kuvifikisha vifaa vijijini.

Mwaka 1965 nchi ilifanya uchaguzi mwingine, sasa chini ya chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU walishindana katika karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Viti vya rangi havikuwapo tena. Bryceson alisimama Kinondoni na Amir Jamal Morogoro, majimbo ambayo wapiga kura wake walikuwa Waafrika kwa idadi kubwa mno, na wote wawili wakashinda. Kura tatu, iliyowalazimisha Waafrika kumchagua Mzungu na Mhindi, ilikwisha kufutwa. Waliendelea kuwachagua bila kulazimishwa.

Lady Chesham alifariki dunia mwaka 1973. Mfuko alioutumikia uliendelea na kazi baada yake. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, mbali na Iringa ambako walowezi wenzake walimwona msaliti, na ambako karani na mwalimu wa Kiafrika waliweka alama mbele ya jina lake wakijua vema yeye ni nani.